Mstari wa Bomba na Kaburi la Baba



Mimi ni mzee wa Iringo, hapa mjini Musoma. Tangu ujana kazi yangu ilikuwa ufundi wa bomba, na sasa nimepumzika. Nyumbani kwangu nikifungua bomba, maji hutoka. Nikitembea hatua chache naliona ziwa lote mbele yangu, na mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ikirudi asubuhi. Lakini sikuzaliwa hapa. Nilizaliwa kijijini, upande wa Butiama, nchi ya majabali, ya mtama na ya ng'ombe. Ni njia ile ile aliyoishika mtoto Kambarage mwaka 1934 alipoletwa Musoma kuanza shule ya Mwisenge.

Nataka kuwasimulia habari ya maji. Ndani yake kuna habari ya aibu yangu pia. Nimefikiri sana kama yafaa kuiandika. Mwishowe nimeona kwamba huenda yuko baba mwingine mahali fulani anayetaka kufanya kama nilivyofanya mimi, na akisoma haya atasimamisha mkono wake.

Kiu ya zamani

Mwaka 1974 nilikuwa kijana wa kutosha kuelewa mambo. Mvua zilikosa, mtama ukakauka ukiwa kimo cha goti, na serikali ikalazimika kununua nafaka ng'ambo. Watu wa rika langu wanayakumbuka mahindi ya njano. Lakini mimi sikumbuki njaa kama ninavyokumbuka kiu. Mama yangu aliamka jogoo wa kwanza, akaenda na mtungi kwenye kisima cha mchangani. Alikaa pale akingoja maji yachuruzike, akiteka kwa kibuyu kidogo, kibuyu baada ya kibuyu. Alirudi jua limekwisha panda. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulikunywa tukashukuru.

Baadaye nimeona ukame mwingine. Mwaka 2006 hata ziwa lenyewe lilirudi nyuma, mitumbwi ikabaki juu ya mchanga mahali ambapo zamani mtu alizama. Tena mwishoni mwa 2021 vuli ilikosa sehemu nyingi za nchi yetu, na mwanzoni mwa 2022 mdogo wangu aliye kijijini alinipigia simu. Akasema, "Kaka, ng'ombe 4 wamelala, hawaamki." Nikiwa Iringo, mkono wangu ukiwa juu ya bomba linalotoka maji, sikuwa na la kumjibu.

Bomba la ziwa

Haifai mtu kulalamika asitaje mema. Upande wetu tumepata jambo kubwa. Tangu miaka ya 1970 palikuwa na bomba lililotoa maji ziwani Mugango na kuyapandisha Kiabakari na Butiama. Miaka ikapita, watu wakaongezeka mara nyingi, bomba lile likazidiwa. Ndipo likaja bomba jipya la Mugango, Kiabakari na Butiama, kwa fedha za serikali yetu pamoja na mikopo ya benki ya maendeleo ya nchi za Kiarabu na mfuko wa maendeleo wa Saudia. Rais Samia Suluhu Hassan aliliwekea jiwe la msingi Februari 2022. Chanzo chake kimejengwa kiweze kutoa lita milioni 35 kwa siku. Wanaokwenda kuhiji kwenye kituo cha Huruma ya Mungu pale Kiabakari wanaijua nchi ile: majabali kila upande, na maji mbali.

Watoto wajue pia kwamba haki ya kuteka maji haya ilitetewa. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana kwamba maji ya Nile na maziwa yake yasiguswe katika nchi zetu bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 Tanganyika, ikifuata msimamo wa Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, ilisema kwamba mkataba ule haututii kamba, kwani sisi hatukuufanya. Kwa msimamo huo maji ya Ziwa Victoria yakavutwa tangu Ihelele, mkoani Mwanza, hata Kahama na Shinyanga, na mwaka 2009 yakazinduliwa. Baadaye yalifika Nzega, Igunga na Tabora. Mtu wa Unyanyembe leo anakunywa maji ya ziwa asilopata kuliona.

Basi maji ya kunywa ya bomba yamesogea. Lakini mfugaji ana swali lake. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi hunywa kama lita 30 kwa siku, na wengine hupita hapo. Mwenye ng'ombe 20 ahitaji lita 600, ndiyo madumu 30. Nani atawasimamisha ng'ombe 20 kwenye kituo cha bomba na kulipia madumu 30 kila siku? Kwa ajili hiyo lambo halijafa. Bomba ni la jikoni, lambo ni la zizi na bustani. Vyote viwili vyahitajiwa.

Jua lanywa kuliko ng'ombe

Kijiji chetu kina lambo, na kijiji cha jirani, kilicho juu yetu, kina lambo lao. Sitavitaja majina, kwani mambo yenyewe hayajakwisha.

Lambo la jirani ni pana sana, limetandaa kama mkeka. Nililipima kwa miguu: mita 200 kwa 150. Masika yakiisha limejaa, lakini kina chake hakizidi kiuno cha mtu mzima. Lambo letu ni dogo, mita 80 kwa 60, limebanwa kati ya majabali, na kina chake ni mita 6. Lakini kijito chake ni kidogo, hata mvua ikiwa nzuri hujaa nusu tu. Kwa hiyo wenye maji hawana chungu, na wenye chungu hawana maji.

Sasa sikilizeni hesabu. Siku ya kiangazi jua hunyonya kama nusu sentimita ya maji yaliyo wazi. Mtu atasema nusu sentimita si kitu. Lakini katika lambo pana kama lile la jirani, nusu sentimita ni lita 150,000. Jua peke yake hunywa kila siku sawa na ng'ombe 5,000, wala halilipi chochote! Katika lambo letu, kwa kuwa uso wake ni mdogo, jua lile lile hunywa lita 24,000 tu. Ndiyo sababu lambo la jirani huwa tope tupu ifikapo Septemba, hata kama ng'ombe walionywa pale ni wachache. Watu hulaumiana, wewe umeleta ng'ombe wengi, wewe umemwagilia nyanya, na mwizi mkubwa yuko juu angani anawatazama.

Nikasema moyoni: kwa nini tusiyahamishe maji yaliyo kwenye mkeka tuyatie katika chungu kabla jua halijayamaliza? Lambo la jirani liko juu ya letu kama mita 15, na kati yao ni kilomita 4. Maji yatashuka yenyewe, hakuna mashine wala mafuta. Bomba la plastiki la upana wa milimita 90 litatoa lita 2 kila sekunde. Ni kidogo, mtoto aweza kucheka. Lakini bomba halilali. Usiku na mchana ni lita 170,000 na zaidi kwa siku. Kwa siku 40, urefu wa Kwaresima, nafasi iliyobaki katika lambo letu itajaa, lita karibu milioni 7. Hayo, hata ukitoa sehemu ya jua, yatanywesha ng'ombe 1,000 kwa zaidi ya miezi 4. Ndiyo Oktoba, na vuli iko mlangoni.

Shauri hili silo langu wala si geni. Kule Namibia, nchi kavu kuliko yetu, mji wa Windhoek hutegemea mabwawa 3, Von Bach, Swakoppoort na Omatako. Maji ya mabwawa 2 husukumwa kwa bomba yaingie Von Bach, kwa sababu huko jua hula kidogo zaidi. Na tukifungua Maandiko Matakatifu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme twasoma habari za mfalme Hezekia, aliyeyaongoza maji mpaka ndani ya mji wa Yerusalemu. Mfereji wake uliochimbwa ndani ya mwamba, zaidi ya mita 500, upo mpaka leo, na mahujaji hupita ndani yake maji yakiwafika magotini.

Mkutano wa vijiji viwili

Wazee wa vijiji vyote viwili waliniita, kwa kuwa ni fundi na ni mtoto wa pale. Tulikutana chini ya mti, nusu njia. Mkutano ulianza kwa sala ukaendelea kwa kelele. Watu wa juu walisema, "Mnataka kutunyonya maji yetu mchana kweupe." Watu wetu walijibu maneno ambayo sitayaandika katika gazeti la familia. Mzee mmoja wa juu akasema kwa utulivu, "Nieleze, fundi. Maji yakisha kuwa kwenu, ng'ombe wangu Septemba watakunywa nini? Shukrani?"

Lilikuwa swali la haki. Nikawaeleza hesabu ya jua, kisha tukakaa tukapatana hivi. Kwanza, mdomo wa bomba utawekwa kimo cha goti kutoka chini, ili maji ya juu yakifika hapo bomba lijifunge lenyewe na yaliyobaki yawe yao. Pili, lambo lao likiisha, ng'ombe wao watashuka kunywa kwetu kwa haki, si kwa kuomba. Tatu, koki itakuwa na kufuli 2, ufunguo mmoja huku na mmoja huku, isifunguliwe ila wote wapo. Nne, ng'ombe wasiingie tena ndani ya lambo, wanywe kwenye mabirika nje ya boma, kwani kwato hubomoa kingo na mavi huharibu maji. Tano, mtu asilime juu ya kingo wala pembeni mwa kijito, kwani udongo ukishuka chungu hujaa tope.

Tulikumbuka pia kwamba maji ya kijito si ya vijiji viwili tu, kwani bondeni wako wengine. Kwa hiyo kibali sharti kiombwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na wahandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, waje kupima kabla ya jembe kugusa ardhi. Hesabu yangu ya miguu haitoshi kujengea.

Watu wakafurahi. Nikapewa kazi ya kuonyesha njia ya bomba kwa vigingi, ili wahandisi wakifika wakute mahali pa kuanzia. Na hapo ndipo nilipoanguka.

Aibu yangu

Njia nzuri ya bomba ilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kushika kazi hii. Inatoka lambo la juu, inafuata mteremko kidogo kidogo, inapita katikati ya shamba la baba yetu, karibu na kaburi lake, halafu inaingia lambo letu. Lakini shamba lile ndilo nililoachiwa mimi na mdogo wangu, na upande ule nilikuwa nimepanga kujenga nyumba ya kufia. Tena niliogopa maneno ya ndugu: amepitisha mtaro miguuni pa baba yake.

Basi nikapinda mstari. Niliupeleka kushoto, ukapita shamba la mama mmoja mjane mwenye watoto 3. Shamba lake ni dogo, nalo ni hilo hilo tu, limejaa muhogo ambao haujakomaa. Mtaro wa bomba huchimbwa kina kama cha mita moja, na wachimbaji hukanyaga pande zote mbili. Muhogo wake ungekwisha. Walipouliza kwa nini nimepita kule, nikasema, "Ardhi ndiyo inayotaka hivyo." Nilisema kwa sauti ya fundi, na wote wakaamini. Nani angenibishia?

Zaidi ya dhambi, ilikuwa kazi mbovu. Upande ule kuna mgongo wa ardhi, umepanda karibu kulingana na lambo la juu. Maji katika bomba hupanda kilima kidogo, mradi kilima kisipite kimo cha chanzo. Lakini kilima kikikaribia chanzo, nguvu hupungua, na hewa hujikusanya pale mgongoni kama kifuniko. Bomba lingetoa maji kwa kudondosha. Nilijua hayo yote. Niliyajua tangu nikiwa kijana mwanafunzi wa kazi.

Yule mama hakupiga kelele. Alikuja mahali nilipokuwa nikipiga kigingi katikati ya muhogo wake, akapiga goti kidogo kunisalimu kama desturi, akasema, "Shikamoo baba." Nikamwitikia. Akakitazama kigingi, akatazama upande wa shamba letu, akasema, "Baba, mimi sikusoma. Lakini mvua ikinyesha naona maji yanapita kule kwenu, hayapandi huku kwangu. Maji ya bomba yana njia nyingine?"

Sikujibu. Nilijifanya natafuta nyundo, nayo ilikuwa mkononi mwangu.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka mama yangu na kibuyu chake kando ya kisima cha mchangani. Naye alikuwa mjane miaka ya mwisho. Kama fundi kutoka mjini angemjia na kumwambia kwamba ardhi inataka hivi, angeng'oa muhogo wake mwenyewe, kwa kuwa alimheshimu kila mtu aliyesoma.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Niliyoyasema ni siri yangu na Mungu. Lakini shauri la padre naweza kuwaambia, kwa kuwa lafaa kwa wote. Aliniambia kwamba uongo uliosemwa mbele ya watu hautengenezwi gizani. Aliyepinda mstari kwa mchana, na aunyoshe kwa mchana.

Kunyosha mstari

Jumapili baada ya Misa niliwaomba wazee wa vijiji vyote viwili wabaki. Nikasema, "Ardhi haikutaka hivyo. Mimi ndiye niliyetaka." Nikaeleza kila kitu, pamoja na ule mgongo wa ardhi. Kimya kilikuwa kirefu. Nilitazama viatu vyangu. Yule mzee wa juu aliyeuliza habari za shukrani akasema, "Kwa hiyo hata zile lita zako 150,000 ni za uongo?" Hapo niliona hasara kamili ya uongo mdogo: umeutia sumu hata ukweli uliokuwa karibu nao. Ilinibidi kwenda naye lamboni. Tulisimika kijiti chenye alama, tukakaa wiki nzima tukikipima kila asubuhi. Tulipoona alama zinashuka kama nilivyosema, ndipo akanipa mkono.

Mdogo wangu alikasirika. Akasema, "Kaka, umeuza kaburi la baba ili usifiwe kanisani." Nilimchukua tukaenda pamoja mpaka kaburini. Tukapima hatua kutoka jiwe la kaburi hadi mstari, tukaona zinatosha kupita bila kuligusa, na mtaro ukisha fukiwa mtama utaota juu yake kama zamani. Nikamwuliza, "Baba alipokuwa hai, mtu mwenye kiu alipopita hapa, alimfukuza?" Hakunijibu. Akashika upande mmoja wa kamba, mimi nikashika upande wa pili, tukaanza kupiga vigingi. Mpaka leo hatujalizungumza tena jambo lile, lakini kamba aliishika.

Kwa mjane nilikwenda peke yangu na mke wangu. Nikaomba msamaha, nikang'oa vigingi vyangu kwa mkono wangu. Mihogo 3 iliyokuwa imekatika nikailipa. Alikataa fedha, akapokea chumvi na sabuni kutoka kwa mke wangu. Akatupa mihogo ile ile tule njiani.

Ninyi mnaosoma

Bomba bado halijalazwa. Vigingi vipo ardhini, maombi yamepelekwa, na sisi twangoja wapimaji. Huenda wataona makosa katika mstari wangu, nao waurekebishe. Nitafurahi, kwani makosa hayo yatakuwa ya macho ya mzee, si ya moyo wake.

Ninyi mliopo katika vijiji vyenye malambo, msingoje kiangazi ndipo mkutane. Pimeni lambo lenu sasa, upana wake na kina chake. Ulizeni ni nani mwenye chungu na ni nani mwenye mkeka. Andikeni mapatano wakati maji yapo, kwa maana wakati wa kiu hakuna asikizaye. Wachungaji wa Isaka na wa Gerari waligombania kisima baada ya kisima, hadi walipopata mahali pa nafasi.

Nanyi mafundi, madiwani, wenyeviti na wote wanaoshika kamba na vigingi kwa niaba ya wengine, angalieni mstari unapopinda. Jiulizeni kama ni kilima kinachoupinda, au ni shamba lenu wenyewe. Nami kila asubuhi hapa Iringo nikifungua bomba, namwombea mama yule na muhogo wake. Nanyi niombeeni mimi.

Mzee wa Iringo,
Musoma